Mwalimu anatufundisha kukwaruza sauti makusudi. Tuendelee au tuache?

Kiongozi wa Kwaya
Ndugu zangu waimbaji, naomba mawazo yenu. Kwaya yetu ya vijana ina watu 34. Tangu mwezi wa tatu tuna mwalimu anayetumia Complete Vocal Technique, ile njia ya Cathrine Sadolin wa Denmark. Sauti imegawanywa katika modi nne, yaani namna nne za kuitoa, na wanaofika mbali wanafundishwa kupaza kwa kifua hadi noti za juu, halafu kuikwaruza kama waimbaji wa roki. Sauti ya tatu imepata nguvu ambayo hatujawahi kuwa nayo, sitaki kudanganya. Lakini dada mmoja wa sauti ya kwanza aliamka Jumatatu sauti haitoki. Hii ni wiki ya tatu ananong'ona. Tufanyeje?

Mpasha Sauti
Pole kwake. Ila ulizeni mwalimu alivyofundisha kabla ya kuihukumu njia. Sadolin mwenyewe alikuwa na pumu, kuimba alikuanza akitafuta pumzi, na kanuni anayoirudia kila mahali ni hii: koo likiuma au likikereketa unakosea, simama. Mkwaruzo ukifanywa sawasawa hautoki kwenye nyuzi za sauti zenyewe, unatoka kwenye mikunjo iliyo juu yake.

Mzee Solfa
Nafundisha kwaya tangu 1981, kwa do re mi na uma wa kupigia noti. Watoto wangu waliimba chini ya bati, mvua inanyesha, hakuna kipaza sauti, na aliyekaa benchi la mwisho alisikia kila neno. Leo kila kitu mpaka kiwe na jina la Kizungu. Bi Kidude alisoma modi zipi? Hakufundishwa na mtu, alivuta sigara zake, na aliimba mpaka uzeeni. Sauti ni kipaji.

Binti wa Ng'ambo
Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa nasoma tu, lakini hili silipitishi. Hakufundishwa na mtu? Bi Kidude kakua akimfuata na kumsikiliza Siti binti Saad, kashika kila alichokisikia. Na yeye mwenyewe alikuwa mwalimu, kawafunda wari kwenye unyago miaka na miaka. Kwani kufundishwa lazima uwe na ubao na chaki?

Besi wa Mwanza
Dada, kusikiliza si kufundishwa. Mimi tangu utoto nasikiliza watangazaji wa mpira na sijaweza kutangaza hata dakika moja. Halafu ile sauti yake nzito tusifichane, sigara ilichangia. Ndiyo ilikuwa utamu wake.

Binti wa Ng'ambo
Utamu wa sigara! Bibi yangu kaimba kwenye harusi maisha yake yote, hajagusa sigara hata siku moja, na sauti yake ilikuwa nzito vilevile. Chukua ngoma, ipige umesimama huku unaimba saa nzima bila kukatika, ndipo uje uniambie kama ile pumzi ilidondoka mbinguni. Mnamsifu huku mnamnyang'anya kazi yake. Mwanamke akiimba vizuri ni kipaji, mwanamume akiimba vizuri ni fundi.

Mzee Solfa
Marahaba mwanangu. Sikumvunjia heshima marehemu, nilikuwa napiga simu kwa rafiki yangu siku ile ya Aprili 2013 tulipopata habari ya msiba. Nilichosema ni kwamba hakulipia kozi.

Mpasha Sauti
Mzee, la kulipia limenichoma. Mimi nimejifunza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, bando likiisha nasubiri mwisho wa mwezi. Hakuna kanisa lililonilipia. Niliimba kwa kukaza shingo miaka sita, mishipa imesimama, hadi nikajua kuachia taya. Msiniambie ni fasheni ya Kizungu.

Besi wa Mwanza
Hakuna aliyekutaja wewe. Adele ana pesa na walimu wa kila aina, na mwaka 2012 alifanyiwa upasuaji wa koo.

Mpasha Sauti
Ni 2011, Boston. Na alirudi akaimba.

Mtabibu wa Sauti
Nafanya kazi na watu waliopoteza sauti, naomba mnisikilize kidogo. Noti ya la ya 440 maana yake nyuzi zinagongana mara 440 kwa sekunde. Ukiongeza nguvu, kila pigo linakuwa zito zaidi. Vinundu huota hivyo, kidogo kidogo, kama sugu ya kiganja. Ugomvi huu wenyewe ni wa zamani. Manuel García, mwalimu wa uimbaji aliyetumia vioo mwaka 1854 akaona koo lake mwenyewe likiimba, alilaumiwa kwa zoezi lake la kuanza noti kwa kufunga nyuzi kisha kuziachia ghafla. Alionya lisigeuzwe kikohozi, wanafunzi wengi wakakohoa.

Kiongozi, sauti ikikaa hivyo wiki tatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na aache kunong'ona, nako kunachosha koo. Akisharuhusiwa, aanze na mrija: ncha iingie kwenye maji sentimita mbili hivi, avumishe "uuu" polepole kutoka chini kwenda juu. Viputo vitoke kwa mfululizo. Vikikatika, pumzi imekatika au anasukuma.

Besi wa Mwanza
Mrija tunaweza. Ila swali la Bi Kidude halijajibiwa.

Binti wa Ng'ambo
Limejibiwa. Hukutaka jibu.

Kiongozi wa Kwaya
Nimerudi. Ameonwa na daktari, koo limeingizwa kamera. Nyuzi zimevimba, vinundu hakuna. Ameambiwa anyamaze. Kisha daktari akamuuliza kazi yake. Anafundisha darasa la pili, watoto 92 chumba kimoja, anapaza sauti tangu saa mbili asubuhi. Saa kumi na moja jioni anakuja kwetu tunamwambia apande juu zaidi. Miaka minne tumeimba naye, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mpasha Sauti
Kwa hiyo njia haina kosa.

Mzee Solfa
Sikubali. Mwalimu anayempandisha mtu bila kujua ameshindaje, njia yake ina kosa. Nami nimelifanya kosa hilo, do re mi zangu hazikuniuliza. Watoto 92!

Kiongozi wa Kwaya
Mkwaruzo tumeusimamisha kwa wote hadi mwezi wa nane, mwalimu amekubali ingawa kwa shingo upande. Jumamosi dada atakaa benchi la mbele na daftari, atasikiliza sauti ya kwanza na kuandika inapokaza.

Binti wa Ng'ambo
Hapo atakuwa anafundishwa au anasikiliza tu, Besi?