Nyumba za kwenye matangazo zote "imelipiwa jana", wenye uzoefu nisaidieni

mama_wawili_ukonga

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri kwa waliowahi kununua nyumba hapa Dar maana mimi na mume wangu tumechoka kabisa. Tunatafuta nyumba, bajeti milioni 75, ikizidi sana 80, vyumba vitatu kimoja masta, fensi iwepo isiwepo sio tatizo ila eneo liwe limepimwa, upande wa Goba, Madale, Mbezi ya Kimara mpaka Kibamba huko. Hela ipo. Sehemu ni akiba yetu na sehemu ni mkopo, mume wangu ni mtumishi wa umma na mkopo ulishaingia, yaani makato yanakwenda kila mwezi kwenye mshahara huku bado tunalipa kodi hapa Ukonga na mkataba wetu unaisha mwezi wa nane. Hapo ndo presha ilipo.

Sasa shida ni kwamba nyumba tukiiona mtandaoni ukienda imeshauzwa. Unaona tangazo, nyumba kali Madale, milioni 78 maongezi yapo, lami mita 300, hati ipo. Unapiga, dalali anakwambia ipo dada njoo hata leo, uje na elfu 20 ya kuonyeshwa. Unatoka Ukonga gari mbili na bodaboda juu, ukifika unapelekwa nyumba nyingine kabisa ya milioni 110, au unaonyeshwa kiwanja, ukiuliza ile ya kwenye picha unaambiwa imelipiwa jana. Kila siku ni jana!

Mwezi uliopita kuna dalali mwingine akatupeleka kweli kwenye nyumba yenyewe ya kwenye picha, geti jeusi lina mchoro wa jua, mnazi mmoja pembeni, nikasema leo ndo leo. Tukagonga hodi. Akafungua dada kajifunga kanga mikono ina povu, nyuma yake kamba imejaa nguo za watoto na kibarazani kuna vigae ambavyo kwenye picha havikuwepo. Tulivyosema tumekuja kuangalia nyumba akatutazama kwa huruma, akasema jamani sisi tumenunua tangu Desemba na tumeshahamia, wiki haipiti bila watu kuja, mpaka mwanangu mdogo akisikia hodi anaita mama wanunuzi wamekuja. Akatupa maji ya kunywa tukaondoka. Na dalali bado anadai elfu 20 yake eti nyumba si tumeiona.

Naombeni mnisaidie, kwanini nyumba ikishauzwa hawatoi tangazo? Nitajuaje ipo kabla sijatoka nyumbani? Na hii hela ya kuonyeshwa nilipe au nisilipe? Nauli tu imeshakula hela ya maana na watoto kila Jumamosi wanabaki kwa jirani.

kimara_mwisho

Pole sana dada, sisi tulihangaika hivohivo kabla ya kupata ya kwetu. Ukipiga simu usiulize "ipo?" maana jibu lake ni ipo siku zote. Uliza funguo iko kwa nani. Mwenye nyumba ya kweli mkononi atakwambia hapohapo, iko kwa mwenye mali, iko kwa mlinzi, kuna mpangaji ndani anatoka mwisho wa mwezi. Asiyekuwa nayo ataanza kujiumauma, mara ngoja nimpigie mtu, mara njoo tu utaikuta. Ukisikia ngoja nimpigie mtu ujue hata yeye hajawahi kufika hiyo nyumba.

nilikuwa_dalali

Nimefanya hii kazi miaka kadhaa upande wa Tegeta na Bunju, sa hivi nina duka la vifaa vya ujenzi, ngoja nikueleze inavyokwenda.

Nyumba inapotaka kuuzwa mwenye mali anamwambia dalali wa mtaa, yule anayekaa palepale kijiweni. Huyo anapiga picha anaturushia kwenye magrupu ya WhatsApp, kila dalali anaichukua anabandika kwake na namba yake, wengine wanapandisha bei juu kidogo ili wapate cha kwao. Kwa hiyo tangazo unaloliona wewe Ukonga limeshapita mikono ya watu wanne watano na kati yao anayemjua mwenye nyumba ni mmoja tu. Nyumba ikiuzwa, yule mmoja anapata chake na habari inaishia hapo, hana sababu ya kuzunguka kwenye magrupu kutangaza kwamba imekwenda. Wengine wanaendelea na picha zao. Na hata wakijua hawafuti, kwasababu picha nzuri ya nyumba ya bei nafuu ndo inayoleta simu, ukishapiga wewe ni mteja mwenye hela, akupeleke kwenye ile aliyonayo. Halafu hela ya kuonyesha kwa dalali wa mtandaoni ni uhakika wa siku, kuuza nyumba kunaweza kuchukua miezi ila elfu 20 za watu watatu anazo jioni.

Ndo maana pia hawaandiki mtaa. Utaona "Madale" basi. Akiandika mtaa wenzie watamruka, au wewe mwenyewe utaenda kwa mwenye mali moja kwa moja.

Kwahiyo dada tafuta yule wa kwanza kwenye mnyororo, wa kijiweni. Chagua maeneo mawili unayoyataka kweli, uende kwa miguu, uulize mafundi, uulize duka la mbao na nondo, mama ntilie, bodaboda. Sisi wenye maduka ya vifaa tunajua nani anauza kwakuwa mtu akitaka kuuza anakuja kuchukua rangi. Nyumba nyingi nzuri haziingii mtandaoni kabisa.

mama_wawili_ukonga

Asante sana kaka @nilikuwa_dalali, sasa nimeelewa kwanini nyumba moja niliiona kwa bei tatu tofauti. Na hiyo hela ya kuonyeshwa?

nilikuwa_dalali

Mlipe ukishaiona nyumba uliyoiulizia, sio kabla. Mwambie kwenye simu kabisa, nakuja kuona ile yenye geti jeusi, nikiikuta na haijauzwa nakupa chako, ukinipeleka nyingine sikupi. Uandike kwa meseji ili ibaki. Aliye na nyumba atakubali, asiye nayo atakata simu na utakuwa umeokoa nauli.

kibada_hapa

Mimi naongea kama mtu niliyeuza. Niliuza nyumba yangu Kibada na mpaka leo napigiwa simu na watu wako njiani wanakuja kuiona, namba yangu ilikuwa kwenye ukuta wa geti wakaipiga picha pamoja na nyumba. Nimewaomba madalali watoe, mmoja anatoa, mwingine anabandika upya. Inaniuma kwasababu najua mtu katoka mbali na hela ya mkopo kama wewe.

Kitu kimoja ambacho wanunuzi hawakijui. Kuna nyumba unaambiwa imeuzwa kumbe haijauzwa, imewekewa kishika uchumba tu. Mtu katoa milioni mbili anajitafuta, akishindwa nyumba inarudi. Uliza imelipiwa yote au ni kishika uchumba, na mpaka lini. Acha namba kwa mwenye mali mwenyewe sio kwa dalali. Aliyenunua kwangu alikuwa wa pili kwenye foleni, wa kwanza mkopo wake ulikwama.

jenga_mwenyewe

Mi naona mnajitesa bure, milioni 75 chukua kiwanja Chanika au Kibamba ndani ndani huko kwa milioni 12 jenga taratibu, nyumba ya kununua huwezi jua nondo ngapi ziko kwenye lenta wala msingi umeshukaje. Au tafuta pagale limefika usawa wa kupaua umalizie, hayo yapo mengi na hayagombewi.

mama_wawili_ukonga

@jenga_mwenyewe nashukuru kwa ushauri ila kwetu haitawezekana, mume wangu kazi zake ni za safari na mimi nafundisha mpaka jioni, nani atasimamia mafundi? Dada yangu alijenga akiwa mbali, saruji ilikuwa inaisha kabla ya ukuta. Na mkataba unaisha mwezi wa nane, pagale halitakuwa na choo mwezi wa nane.

jenga_mwenyewe

Sawa mama nimekuelewa. Basi ukipata nyumba nenda na fundi wako, usiende na fundi wa dalali, na uende siku ambayo mvua imetoka kunyesha. Madale na Goba kuna mabonde, kiangazi nyumba zote zinafanana.

wa_masuala_ya_ardhi

Nyongeza kidogo. Nyumba "kuuzwa jana" ukiwa hujatoa kitu ni hasara ya nauli, ila nyumba kuuzwa kwa mwingine wakati wewe umeshatoa hela hiyo ndo inayowaliza watu, nimeshughulika na kesi za namna hii na nyingi zinaanzia kwenye kishika uchumba cha kupeana mkononi kibarazani. Kwa hali yenu ya haraka ndo mtaingia huko, kwahiyo nawaomba sana msome hapa.

Usimpe dalali kishika uchumba. Mpe mwenye mali, kwa benki ili ibaki kumbukumbu, na muandikiane siku hiyohiyo hata kama ni ukurasa mmoja, nyumba ipi, bei kamili, umetoa kiasi gani, iliyobaki unamaliza lini, na kwamba muda huo hamuuzii mtu mwingine na akiuza anarudisha yote. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka makubaliano ya kuuziana ardhi yawe ya maandishi, maneno matupu hata mbele ya mjumbe hayatakubeba mahakamani.

Kabla ya hiyo hela, omba nakala ya hati, ukafanye sachi ofisi ya ardhi. Sachi itakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki na kama kuna zuio limewekwa. Jina lilingane na kitambulisho cha NIDA cha huyo anayekaa mbele yako. Kama ana mke au mume na hiyo ni nyumba waliyokuwa wanaishi, mwenza asaini ridhaa, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 hairuhusu mmoja auze peke yake. Kama ni nyumba ya marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na barua uione kwa macho, halafu zungumza na warithi pia, huko ndo nyumba inauzwa mara mbili, kaka anauza huku dada anauza kule.

Kama haina hati ni mauziano ya serikali ya mtaa tu, sachi haitakusaidia, hapo uende ofisi ya mtaa na kwa majirani wa pande zote nne. Jirani mmoja anayekwepa kusaini ana kitu anakijua.

wa_southb

Hata huku Nairobi ni hayo hayo dadangu, unalipa pesa ya kuonyeshwa nyumba halafu unaambiwa imechukuliwa. Kitu kimenisaidia mimi ni kuitisha vidio, sio ile iko kwa simu yake, nataka vidio ya leo, afungue mfereji nione maji, awashe stima, aseme tarehe. Ukiitisha hiyo wengi wananyamaza. Na sachi huku tunafanya kwa mtandao, mfumo wa serikali unaitwa Ardhisasa ulianza 2021 na Nairobi ndio ilikuwa ya kwanza, lakini hiyo inasaidia tu kama umepewa nambari ya hati, na dalali hatakupa.

mama_wawili_ukonga

Mungu awabariki wote, nimemsomea mume wangu kila kitu. Nimejaribu lile swali la funguo leo mchana kwa madalali, wengi wamekata, mmoja tu wa Goba akajibu bila kusita kwamba iko kwa mama mwenye nyumba anakaa humohumo ndani, nikamwambia naomba niongee na huyo mama akampa simu. Nyumba ipo kweli, vyumba vitatu, milioni 82. Ila mama anasema mume wake alifariki na hati bado ina jina la mume, na watoto wakubwa wawili wako Mwanza. Anataka kishika uchumba wiki hii kwasababu kuna mtu mwingine anaitaka. Kaongea vizuri na anaonekana mkweli. Niende?

wa_masuala_ya_ardhi

Nenda ukaione, ila hela usiende nayo. Muulize kama mirathi imeshafunguliwa na msimamizi ni nani. Kama ni yeye na ilifunguliwa mahakama ya mwanzo, inakuwa imempa Fomu Namba 4, ile barua ya usimamizi wa mirathi, aikuonyeshe. Kama hajafungua hana mamlaka ya kukuuzia hata awe mkweli kiasi gani, na huyo mtu mwingine anayeitaka atakwama palepale, kwahiyo usikimbizwe. Omba namba za hao watoto wa Mwanza uongee nao kwa simu ukiwa hapohapo kwa mama.

kimara_mwisho

Na milioni 82 ya mjane anayetaka hela wiki hii inashuka dada, ila usianze kuongelea bei kabla hujaziona karatasi. Goba ipi hiyo? Mimi nina ndugu Goba Kinzudi, kama ni huko anaweza kukupitishia kwa mjumbe kesho.

mama_wawili_ukonga

Ni Kinzudi hukohuko! Nakuja inboksi sa hivi.