Eti kriketi "haina watazamaji": malalamiko yangu kwa televisheni zetu za umma

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Hivi karibuni nilikiandikia barua kituo kimoja cha televisheni ya umma, ambacho sitakitaja kwa sababu ugonjwa huu si wake peke yake, nikaomba mambo mawili: kama bado wanazo kanda za kriketi walizokuwa wakionyesha zamani, wazirushe hata kama ni usiku wa manane, na kama hawana nia hiyo, watueleze kwa nini mchezo huo umefutika kabisa katika ratiba yao. Jibu lilikuja kwa mistari miwili. Kanda hazipo, na kriketi "haina watazamaji".

La kanda naliacha, maana nani asiyejua kwamba kanda zilikuwa ghali na zilifutwa ili zitumike tena? Kilichonichoma ni hilo la watazamaji. Ni uongo, na ni uongo wa kudharau watu ambao bado wako hai katika jiji hili na wanakumbuka walichokiona kwa macho yao.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo, sisi wa Dar es Salaam tuliinua antena ndefu kuelekea Unguja ili tupate picha za televisheni ya Zanzibar, tukaridhika na chochote kilichoonekana kupitia chenga. Miaka ya tisini ilipofika, mapaa ya Upanga na Kisutu yakaota madishi makubwa, na kwa madishi hayo ndipo wengi wetu tulipoijua Doordarshan, yaani televisheni ya umma ya India. Siisifu kupita kiasi, kwa sababu iliudhi mno. Tangazo la sabuni liliingia kabla mpira wa sita wa ova, yaani mzunguko wa mipira sita ya mrushaji mmoja, haujatulia, na likiondoka ulikuta mpira wa kwanza wa ova inayofuata umeshapigwa. Watangazaji walipokezana, Kihindi kwa muda kisha Kiingereza, na taarifa ya habari ilipowadia mechi ilikatwa hata kama zilibaki ova chache na roho zimetufika kooni. Hata hivyo watu walijaa. Walijaa kwenye vibaraza vya maduka, na hawakuwa wenye maduka tu: walikuwepo wabeba mizigo, walinzi, mafundi cherehani na wanafunzi waliotoroka masomo ya ziada. Jioni vijana hao hao walikuwa uchochoroni na mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu ya umeme, kreti la soda likiwa ndiyo wiketi, yaani vile vijiti vinavyolindwa na mpigaji. Huyo ofisa aliyeniandikia anadhani walijifunzia wapi?

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya iliifunga West Indies katika Kombe la Dunia. Kenya ilipata mikimbio, yaani alama, 166 tu, na watu wakasema basi, yamekwisha; kisha West Indies, timu ya pamoja ya visiwa vya Karibi yenye mpigaji nyota Brian Lara, ikatolewa yote kwa mikimbio 93. Lara mwenyewe aliondoka na 8, mpira wa Rajab Ali ukidakwa na mlinda wiketi Tariq Iqbal. Maurice Odumbe aling'oa wiketi 3 kwa mikimbio 15, yaani aliwatoa wapigaji watatu na kuruhusu mikimbio 15 tu. Habari hiyo haikubaki Nairobi, kwani hapa Dar es Salaam ilijadiliwa vijiweni na watu ambao hadi asubuhi ile hawakujua kama jirani zetu wana timu ya kriketi.

Lakini nikitaka kumnyamazisha mtu anayesema mchezo huu hauna watu, huwa namkumbusha mwaka 2003. Kombe la Dunia la mwaka huo lilichezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. Tarehe 24 Februari, uwanjani Nairobi Gymkhana, Kenya iliifunga Sri Lanka kwa tofauti ya mikimbio 53, Collins Obuya akichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, ikakutana na Australia, ambayo haikuwa imefungwa na yeyote katika mashindano hayo. Kenya ilishindwa mechi ile, na Brett Lee aliwatoa watu watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Kilichobaki vichwani mwetu, hata hivyo, ni Asif Karim, mtoto wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 39, aliyekuwa amekwisha kustaafu akaombwa arudi. Alirusha ova 8 na mipira 2. Katika ova 6 kati ya hizo Australia haikupata hata mkimbio mmoja, na kwa jumla aliruhusu mikimbio 7 akachukua wiketi 3, mojawapo ikiwa ya nahodha Ricky Ponting. Alikuwa hakimbii, haruki, wala hana mbwembwe. Anapiga hatua chache, anaachia mpira, na bingwa wa dunia anaduwaa. Tuzo ya mchezaji bora wa mechi alipewa yeye ingawa timu yake ilifungwa.

Kanda ya mechi hiyo tuliletewa na jamaa kutoka Mombasa, ikasafiri kwa basi kupitia mpaka wa Horohoro ndani ya mfuko wa madafu, na ikaonyeshwa mara nyingi kiasi kwamba picha ilianza kuchuja pembeni. Namkumbuka fundi saa mmoja wa Mtaa wa Jamhuri, ambaye hakuwa Mhindi wala hakuwahi kucheza kriketi maishani mwake, akiwa amesukumia lenzi yake kwenye paji la uso na bisibisi ndogo bado iko mkononi, akiamuru kanda irudishwe nyuma auone tena mpira uliomtoa Ponting. Saa ya mteja ilikuwa wazi mezani na mteja mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, naye akitazama. Siku chache baadaye, tarehe 20 Machi, Kenya ilicheza nusu fainali na India, ikafungwa kwa mikimbio 91, na sijawahi kuona mitaa ya Kisutu imegawanyika kati ya Kenya na India namna ile.

Sasa mniambie watazamaji hawa walikwenda wapi. Hawakwenda popote, kilichoondoka ni matangazo. Haki za kuonyesha mashindano makubwa zilipanda bei zikaishia kwenye televisheni za kulipia, na mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar es Salaam mwisho wa Desemba 2012, kila nyumba ikalazimika kuwa na king'amuzi. Anayetaka kriketi leo anaikuta kwenye kifurushi ambacho mlinzi wa duka hawezi kukilipia kila mwezi. Ukishamfungia mtu mlango kwa miaka yote hiyo, unapata wapi ujasiri wa kusema hajaja?

Wengine wamelishughulikia jambo hili kwa sheria. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya India, katika kesi iliyotokana na haki za kuonyesha kriketi, iliamua kwamba mawimbi ya utangazaji ni mali ya umma. Mwaka 2007 nchi hiyo ikatunga sheria inayomlazimu mwenye haki za michezo yenye umuhimu wa kitaifa kugawana picha zake na shirika la utangazaji la umma. Uingereza, ambako mchezo huu ulizaliwa, mechi za timu ya taifa zilihamia kwenye televisheni ya kulipia baada ya mwaka 2005, lakini fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 14 Julai 2019 ilirudishwa kwenye kituo cha bure ili kila mwananchi aione. Sisi hatuna hata mjadala.

Najua nitaambiwa kwamba mechi ya kriketi inachukua siku nzima na ratiba haina nafasi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. Mechi ya ova 20 kwa kila upande inakwisha kwa takriban saa tatu, na ukihesabu uchambuzi wa kabla ya mechi, wa mapumziko na wa baada ya mechi, soka la vituo vyetu linakula muda huo huo. Nitaambiwa pia kwamba bajeti ni ndogo. Nakubali, na simwombi mtu anunue haki za Kombe la Dunia. Lakini Septemba 2024 mashindano ya kufuzu ya kanda ya Afrika yalichezwa hapa hapa Dar es Salaam, na Tanzania ikavuka kwenda hatua iliyofuata. Viwanja vya Gymkhana ni mwendo wa miguu kutoka Posta. Mimi nilikwenda, na kamera ya kituo kilichonijibu sikukutana nayo. Mwaka uliofuata vijana wetu walio chini ya umri wa miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la rika lao la mwaka 2026, wakiwa na majina ya Kitanzania kama ya kwenu na yangu. Kwa hiyo wale mtakaokuja hapa chini na ile nyimbo yenu ya "mchezo wa Wahindi", tafadhali someni kwanza orodha ya kikosi hicho, kisha ndipo muandike.

Ninachodai hakizidi uwezo wa kituo chochote: nusu saa kwa wiki ya muhtasari wa ligi ya Dar es Salaam na mechi za timu za taifa, kwa Kiswahili, wakati ambao watu wako macho. Pili, wanaosema hakuna watazamaji watuonyeshe waliwahesabu lini, kwa njia gani, na kwa kuonyesha mechi ipi. Tatu, yeyote humu mwenye kanda za zamani alizorekodi nyumbani, hata kama zina ukungu, aseme, kwa sababu wapo mafundi mjini ambao bado wana deki zinazofanya kazi na wanaweza kuzihamishia kwenye kompyuta.

Barua yangu ya pili imeshapelekwa, safari hii nikiwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakijibu, nitaliweka jibu lao hapa neno kwa neno.