Je, kununua vyakula vya msimu vinavyolimwa nchini kunapunguza gharama kweli?

Mkazi wa Tabata:
Wanajukwaa, habari zenu. Tunahimizwa mara kwa mara kula vyakula vya msimu vilivyolimwa hapa nchini. Mimi hununua gengeni karibu kila siku, na bei ya nyanya naiona ikipanda na kushuka bila mpangilio ninaoweza kuufuata, ilhali matufaha ya Afrika Kusini, ambayo wanangu wanayapenda sana, hayabadiliki bei kiasi hicho. Je, faida hiyo ipo kweli, mfukoni na mwilini, au tunaombwa uzalendo tu?

Mchuuzi wa Ilala:
Ndugu yangu, mpangilio upo, ila gengeni hauonekani vizuri kwa sababu pale unanunua kwa fungu. Nyanya nyingi zinazofika Dar es Salaam hutoka Iringa, hasa Ilula, na Morogoro. Masika yanapoanza mwezi Machi, ugonjwa wa ukungu uitwao bakajani hushambulia mashamba na barabara za vijijini huharibika, hivyo matenga yanayofika sokoni hupungua na bei hupanda. Mvua zikishakatika na mashamba ya umwagiliaji yakaanza kuvunwa, bei hushuka. Wateja wangu wenye friji hununua tenga zima wakati huo, wakazisaga, wakazichemsha na kuzigandisha. Vitunguu maji usivihesabu hivyo, kwa kuwa vikikaushwa vizuri hukaa ghalani kwa miezi, na mwenye ghala ndiye anayeamua lini atauza.

Msomaji wa Lishe:
Naomba niongeze kuhusu hayo matufaha. Bei yake hutulia kwa sababu huvunwa kwa mkupuo na kuhifadhiwa kwa miezi katika vyumba vya baridi vilivyopunguzwa oksijeni, kisha hutolewa kidogokidogo. Hata utulivu huo hutegemea mipaka: Aprili 2025 serikali ilizuia kwa siku chache mazao ya Afrika Kusini na Malawi, kutokana na nchi hizo kuzuia mazao yetu, zikiwemo ndizi. Kwa upande wa mwili, gramu 100 za mapera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, chungwa lina takriban 50, na tufaha halifiki 10. Mapera hayo huuzwa kwa bei ndogo wakati wake, nasi tunayapita kama chakula cha watoto wa mtaani, jambo ambalo sijawahi kulielewa.

Hata hivyo, ukaribu wa shamba peke yake si kinga. Mboga za majani hupoteza ubora haraka, kwa hiyo mchicha uliochumwa alfajiri karibu na mji ni bora kuliko uliosafirishwa usiku kucha, lakini ukiwa umemwagiliwa maji ya Mto Msimbazi, unaopokea majitaka ya jiji, ubichi wake hautakusaidia. Muulize muuzaji umelimwa wapi.

Mkulima wa Muheza:
Nimesoma yote kwa makini, nami sipingi, ila bei ndogo ya msimu mnayoifurahia huko mjini mara nyingi ni hasara yetu huku. Machungwa yetu yakiiva kwa pamoja, hatuna mahali pa kuyahifadhi wala viwanda vya kutosha vya kuyasindika, kwa hiyo wengi wetu huyauza yakiwa bado mtini kwa bei anayoitaja dalali, na mengine huoza chini ya miti. Msidhani, basi, kwamba kila shilingi inayotolewa kwa tunda la nchini inamfikia aliyelilima.

Kaya kadhaa za mtaa mmoja zikichanga fedha na kuagiza mzigo kutoka kwa kikundi cha wakulima, gharama ya gari hugawanyika na sisi hupata zaidi ya bei ya dalali. Mkubaliane bei kwa idadi au kwa kilo, si kwa gunia, maana lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, ndiyo inayotumaliza.