Iqaluit hadi Cambridge Bay eti "saa 2 na dakika 40": hivi vikokotoo vya umbali vinaumiza watu!

Wakuu salaam. Nimekasirika na sitaki kuficha.

Mdogo wangu ni nesi huko Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada. Alikuwa Iqaluit, mji mkuu wa huko, akapata mkataba wa muda Cambridge Bay, mji mwingine wa hukohuko Nunavut. Wakala wake wa kazi akafungua tovuti moja ya kukokotoa umbali wa viwanja vya ndege, akaona kilomita 1,700 na muda wa kuruka saa 2 na dakika 40. Akampangia aondoke asubuhi, jioni aingie zamu. Ndege yenyewe ya moja kwa moja haikuwepo!

Njia aliyopitishwa ni hii: Iqaluit hadi Rankin Inlet, kama kilomita 1,180. Hapo hadi Yellowknife, nyingine 1,140, na Yellowknife haimo hata ndani ya Nunavut, iko jimbo la jirani. Kisha anageuzwa kurudi kaskazini kilomita 850. Jumlisheni wenyewe. Inakaribia mara mbili ya ile 1,700. Yellowknife ikabidi alale, hoteli kwa pesa yake, na zamu aliyoikosa wakamkata. Nani anamrudishia?

Kinachofanyika kwenye hizo tovuti ni kuvuta mstari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia, kugawanya kwa mwendo wa jeti kubwa, kilomita 800 hivi kwa saa, kuongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Hakuna anayeuliza kama kuna ndege inayopita hapo. Hakuna anayeuliza uwanja ukoje. Njia ya kurukia ya Cambridge Bay imekuwa ya changarawe kwa miaka mingi, wakuu. Jeti nyingi za kisasa hazitui kwenye changarawe, mawe yanaingia kwenye injini. Zinakwenda za pangaboi, na ATR 42, ambayo ni mojawapo ya hizo, haifiki hata kilomita 600 kwa saa. Kwa hiyo hata ingekuwepo ya moja kwa moja, zile saa mbili na ushee bado ni uongo.

Na saa za ukutani je? Iqaluit na Cambridge Bay zinapishana saa mbili, ndani ya Nunavut hiyohiyo! Tovuti haikusema lolote.

Msiniambie "angepanda basi". Nunavut ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania kwa eneo, ina vijiji na miji 25, na hakuna barabara inayounganisha hata miwili. Ukikosa ndege umekwama, na nje wakati wa baridi ni nyuzi 30 chini ya sifuri au zaidi. Halafu kuna tufani ya theluji, ukungu, ndege inazunguka juu na kurudi ilikotoka. Wenyeji Wainuit wanaishi na hili kila wanapopelekwa hospitali, halafu mtu aliyekaa kusini anawawekea namba safi kama vile ni daladala ya Posta hadi Mwenge.

Wenye tovuti hizi nawaambia wazi: kama hakuna ndege, futeni hicho kipengele cha muda wa kuruka. Wekeni umbali peke yake, na muandike kwa herufi kubwa kwamba ni mstari mnyoofu. Na mawakala wa ajira mnaowapeleka watu wetu huko, pigeni simu kwa shirika la ndege kabla ya kumwandikia mtu ratiba ya zamu.

Kama kuna mdau humu anafanya kazi Nunavut au Yukon, jimbo jingine la kaskazini mwa Kanada, naomba aweke hapa njia aliyopita na muda halisi, mlango hadi mlango. Nataka kumpelekea huyo wakala.