Naomba ushauri: mmomonyoko wa picha usioyumbishwa na chenga

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kuchakata picha kwa kompyuta.

Nina kurasa zilizoskaniwa, nimeshazigeuza kuwa nyeusi na nyeupe tupu, na nataka kutenganisha herufi zilizogandana. Njia ya kawaida ni kupitisha kiolezo (kidirisha kidogo) cha 3×3 juu ya picha: kwanza kumomonyoa, yaani pikseli (nukta ya picha) inabaki nyeusi iwapo tu zote 9 za kidirisha ni nyeusi, kisha kupanua, yaani kila nyeusi iliyobaki inajaza kidirisha chote. Kinachoniumiza kichwa ni chenga, yaani vinukta vya uchafu vilivyotapakaa ovyo kwenye picha. Mmomonyoko hauna huruma: pikseli moja nyeupe ikidondokea katikati ya wino, zote 8 zinazoizunguka zinafutika. Herufi "m" inabaki vipande vitatu.

Kusafisha kwanza kwa kuchukua thamani ya kati (yaani rangi ya pikseli zilizo nyingi kati ya 9 za kidirisha) hakunisaidii. Mstari mwembamba wa pikseli moja hujaza nafasi 3 tu kati ya 9, kwa hiyo unafutwa kama uchafu.

Sasa nimeelekea kwenye opereta za cheo: badala ya kudai pikseli zote 9 ziwe nyeusi, 8 au 7 zitoshe. Hili limenivutia sana, tena ni jepesi, maana ni kuhesabu tu. Ila nikipanua baada ya hapo, weusi hutokea hata pasipokuwa na wino. Nikibakiza zile tu zilizokuwa nyeusi tangu awali, matokeo yanatulia hata nikirudia, lakini vitundu vya chenga navyo vinabaki.

Je, nizibe vitundu kwanza kwa opereta hiyo hiyo upande wa nyeupe? Na cheo, yaani idadi hiyo ya pikseli nyeusi zinazotosha, mnakichaguaje chenga zinapotofautiana ukurasa kwa ukurasa? Natanguliza shukrani.