Kustaafu miaka 70: Denmark wana akili, au Wafaransa ndio wanajua haki zao?

Mzee wa Feri: Wakuu, Mei 2025 Bunge la Denmark lilipitisha umri wa kustaafu ufike 70 ifikapo 2040, kura 81 kwa 21, watu wakaenda zao kazini. Ufaransa 2023, kutoka 62 hadi 64 tu, wazoa taka wakagoma, Paris ikanuka wiki kadhaa. Uvivu huo.

Chando: Mkuu, kilichowachoma si 64 peke yake. Rais Macron aliona kura hazitoshi, waziri mkuu wake Borne akachomoa kifungu 49.3 cha katiba yao, sheria ikapita bila wabunge kuipigia kura. Hata mimi ningetoka barabarani.

Mzee wa Feri: Si walipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali? Ikapungukiwa kura 9. Wavivu tu. Na Wazungu hao hao ndio wanatupa wazazi kwenye nyumba za wazee.

Dada Aarhus: "Wanatupa"? Mimi nafanya kazi kwenye hizo nyumba huku Denmark, mwaka wa sita sasa. Leo asubuhi nimemwinua kwa mashine bibi wa kilo 90, nikamvalisha zile soksi za kubana, mguu mmoja dakika tano. Nimezaliwa 1984, kwa hiyo hiyo sabini ni yangu, si yako. Nikifika 70 nani atamwinua mwenzake, mimi au bibi?

Kipepe: Pole dada. Ila ukweli usemwe, sisi wazazi hatuwapeleki popote.

Dada Aarhus: Hamuwapeleki. Mnawarushia elfu hamsini kwa simu, mnamwachia binti wa kazi.

Mzee wa Feri: Nisamehe, mimi mama yangu nakaa naye nyumba moja!

Chando: Unakaa naye, sawa. Anayemwogesha nani?

Kipepe: 😂😂 Mzee jibu.

Mwl. Tosha: Turudi kwenye mada jamani. Ufaransa, Rais Mitterrand ndiye aliyeshusha umri hadi 60 mwaka 1982, Rais Sarkozy akaupandisha hadi 62. Na hiyo 64, Oktoba 2025 Lecornu, akiwa waziri mkuu, alitangaza kuisimamisha mpaka uchaguzi wa rais wa 2027 upite. Sasa uvivu uko wapi hapo? Mgomo umelipa.

Kipepe: Mwalimu, kikokotoo chetu cha mafao ya kustaafu nacho tukigomee?

Mwl. Tosha: Hicho kina uzi wake.

Mzee wa Feri: Mimi nasema hivi, mke wangu asiingizwe humu.

Dada Aarhus: Hakuna aliyemtaja, shemeji. Umemtaja wewe.