Jengo la Radio Tanzania pale Pugu Road: libaki au livunjwe?

Foleni_ya_Tazara
Wakuu, jana foleni imenisimamisha Pugu Road (najua ni Barabara ya Nyerere, mimi nimezoea Pugu Road) karibu kabisa na studio za iliyokuwa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam). Nusu saa nzima naliangalia tu lile jengo. Swali likanijia. Serikali imeshahamia Dodoma, televisheni ya taifa ilianzia Mikocheni, na redio siku hizi mtu anaendesha na kompyuta kwenye chumba kimoja. Siku wakiamua kuondoka pale moja kwa moja, lile jengo tulifanyeje? Libaki, au lishushwe kijengwe kitu kingine? Mimi nasema libaki. Karibuni, ila tuje na hoja.

Kijana_wa_98
Lishushwe, tena mapema. Kiwanja kama kile, katikati ya uwanja wa ndege na mjini, barabara ya mwendokasi inapita mlangoni, halafu mnataka kuweka makumbusho ya maikrofoni? Jengeni hosteli za wanafunzi, jengeni soko. Na tuambiane ukweli, wanaolililia ni kile kizazi cha kadi za salamu zilizokuwa zinasomwa redioni. "Nawasalimu mama Rehema wa Kilosa, shemeji Athumani popote ulipo, ujumbe wangu unasema asiyekujua hakuthamini." Pale hakuna historia, kuna ujana wenu.

Fundi_Kanda
Kabla hamjaenda mbali. Jengo ni kitu kimoja na maktaba ya kanda ni kitu kingine. Zamani bendi zilikwenda kurekodi kwenye zile studio kwa sababu hapa nchini hatukuwa na kiwanda cha santuri, santuri zilikuwa zinatoka Nairobi. NUTA Jazz, Western, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz, zote zina kazi kwenye kanda za RTD, achilia mbali ngoma za mikoani na hotuba. Kanda ya sumaku haipendi joto wala unyevu, na Dar ina vyote viwili. Kiyoyozi kikizimwa miaka michache tu, gundi inayoshikilia ule unga wa sumaku inalegea. Ukija kuicheza, mashine inakwangua sauti yenyewe, unabaki na unga mweusi kwenye kidole. Kwa hiyo swali langu ni moja: watu wakihama, kanda zinakwenda chumba kipi, na nani atalipa umeme wa chumba hicho?

Binti_Kilosa
@Kijana_wa_98 mimi ni wa Kilosa na nimekuelewa vizuri sana. Baba yangu alikuwa reli. Alimfahamu mama kwa kadi za salamu. Alikuwa anasikia jina lake redioni, binti wa Tabora anayesalimia watu wengi kuliko mwenyekiti wa kijiji, siku moja naye akamweka kwenye orodha yake. Mama akasikia jina lake limetajwa na mtu asiyemjua, wiki nyingine akajibu. Wakasalimiana hivyo karibu mwaka mzima, nchi nzima ikisikiliza, ndipo baba akapanda treni. Sasa wewe unatuletea habari za "ujana wenu".

Kijana_wa_98
Kwa hiyo tuache ekari za mjini kwa sababu wazazi wako walipendana? Hongera zao, lakini hiyo si hoja.

Binti_Kilosa
Na kejeli ni hoja?

Mzee_wa_Keko
Kijana, kwanza hata shikamoo hujatoa, umeingia na miguu yenye matope. Mimi nimeisikiliza RTD toka ilipoanza 1961 tulipopata uhuru. Azimio la Arusha Februari 1967 tulilisikia humo. Vita ya Kagera tulikuwa tunakaa na redio ya mkulima mezani, mtoto akikohoa anatolewa nje. Matangazo ya vifo je? Ndugu yako amefia Muhimbili, wewe uko Songea, simu hakuna, barua ingefika mtu kashazikwa. Ni ile redio ndiyo iliyokuwa inakwambia safiri. Watu walikuwa wanaacha jembe wakisikia ule muda umefika. Unaita hayo ujana?

Msahihishaji
Mzee wangu shikamoo, nakubaliana na mengi ila tuweke miaka sawa. Utangazaji Dar ulianza 1951, ukiitwa Sauti ya Dar es Salaam. 1956 likaja shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation, yaani hata hii TBC ya leo jina lake lina babu. Jina la Radio Tanzania Dar es Salaam limekuja Julai 1965 shirika lilipovunjwa na redio kuwekwa chini ya wizara. Kwa hiyo 1961 haikuanza wala haikuitwa RTD.

Mzee_wa_Keko
Mimi nilikuwepo. Wewe umesoma.

Msahihishaji
Nimesoma, ndiyo. Ndiyo sababu ya kutunza vitu mzee, ili na sisi ambao hatukuwepo tujue.

Mpemba_wa_Mkoani
Munabishana kuhusu Pugu Road utafikiri ndiyo redio pekee iliyopata kuweko. Redio iliyogeuza nchi ni ya Raha Leo, Unguja. Alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964 aliyeshika Raha Leo ndiye aliyeshika Unguja, na sauti ya Okello, aliyeongoza mapinduzi, ilitokea humo humo. Nyie munalia na kadi za salamu.

Kijana_wa_98
Ndugu zetu wa visiwani msituletee somo la kutunza majengo. Beit al-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe, mmelitunza mpaka likaanguka.

Mpemba_wa_Mkoani
Hilo ndilo la kufanyia mzaha? Siku ile, 25 Disemba 2020, kulikuwa na mafundi ndani na watu walikufa. Jumba la Sultan Barghash la 1883, limesimama miaka zaidi ya 130, limeangukia mikononi mwa waliokuwa wakilitengeneza. Haya, basi na nyie hesabuni yenu. Lile jengo la Salamander pale Samora, Dar, liko wapi?

Foleni_ya_Tazara
Jamani, turudi kwenye mada. Hata hivyo Mpemba kagusa kitu. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO toka 2000, lakini Raha Leo iko Ng'ambo, nje ya mstari. Yaani kasri la sultani linahesabika urithi, na redio iliyotangaza kuondoka kwa sultani haimo. Na huku kwetu ni hivyo hivyo, jengo likiwa la Mjerumani tunaliita la kihistoria, likiwa ni la kazi za juzi tunaliona gofu.

Mpemba_wa_Mkoani
Mimi simo kwenye mada yenu, mimi namngoja huyu kijana aombe radhi.

Wakili_Mnyonge
Mnaopiga kelele za "libaki", fahamuni sheria haiko upande wenu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Baada ya hapo mpaka waziri atangaze kwenye gazeti la serikali. Hata Old Boma pale bandarini, lililojengwa kama 1866, kwa tarehe tu halipiti. Sasa studio za redio zitapitia wapi? Na serikali ikiamua kuvunja haitakuja kuomba ushauri wenu humu. 2017 jengo la TANESCO Ubungo, makao makuu ya shirika lake yenyewe, lilipigwa nyundo kwa sababu ya hifadhi ya barabara. Pugu Road nayo ni barabara.

Fundi_Kanda
Bado sijajibiwa kuhusu kanda.

Ughaibuni_Mzoefu
Huku London Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa Bush House. BBC walitoka pale 2012 na jengo halikuguswa, leo ni chuo, King's College. Wanafunzi wanasomea mlemle tuliposikia "Hii ni London". Mbona inawezekana?

Kijana_wa_98
Inawezekana kwa sababu jengo lenyewe ni la mawe na liko katikati ya London. Hilo mlilonalo ni bati na feni. Na ninyi mlio huko rudini mje mlipe hiyo kodi ya kutunza.

Ughaibuni_Mzoefu
Natuma hela nyumbani kila mwezi, wewe unatuma nini? Maoni?

Mwalimu_Mstaafu
Naomba niongeze moja, maana naona salamu zimemeza kila kitu. 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Tulikuwa tunakusanya watu chini ya mwembe, redio moja, kitabu kimoja, kipindi kikiisha tunajadili, kesho yake watu wanachimba vyoo. Washiriki walifika kama milioni 2 nchi nzima. Na kwenye hizo studio kulikuwa na idhaa ya nje: FRELIMO wa Msumbiji walitangaza kutoka Dar, ANC wa Afrika Kusini nao na Radio Freedom yao, na wa kutoka Namibia na Zimbabwe. Mtu aliyekamatwa Johannesburg akisikiliza redio hiyo alikuwa anafungwa. Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ilikaa Dar toka 1963 mpaka 1994, na mdomo wake ulikuwa ni ile redio.

Kijana_wa_98
Mwalimu shikamoo. Hilo la Radio Freedom sikulijua, shuleni tulisomeshwa Kamati ya Ukombozi kwa mistari miwili. Sawa, wawekeni kibao. Chumba kimoja, kibao, picha. Lakini si jengo zima.

Mzee_wa_Keko
Kumbe shikamoo anaijua.

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Chumba kipi, mwanangu? Studio siyo chumba unachokichagua. Ina kuta zake, ina mlango mara mbili, ina kioo kati ya mtangazaji na fundi mitambo. Ukibakiza kimoja ukavunja vingine umebakiza stoo.

Binti_Kilosa
@Fundi_Kanda samahani kaka, naona unauliza toka asubuhi na hakuna anayekujali. Na mimi nina swali kwako. Zile salamu, vile vipindi vyenyewe, vipo kwenye kanda? Ningependa kusikia mtangazaji akilisoma jina la baba.

Fundi_Kanda
Dada, nikudanganye? Vipindi vya namna ile mtangazaji anasoma kadi papo hapo, inakwenda hewani, imekwisha. Na kanda ilikuwa ghali, ya kuagizwa nje kwa fedha za kigeni. Hata kipindi kilichorekodiwa, kikisharushwa kanda inafutwa inatumika tena. Zilizohifadhiwa ni muziki, hotuba, michezo ya kuigiza. Salamu za watu wa kawaida nani angezitunza.

Kijana_wa_98
Duh.

Wakili_Mnyonge
Kwa hiyo hata jengo likibaki, anachokitafuta dada hakimo.

Binti_Kilosa
Nimesoma, wakili. Sikuomba hukumu.

Kijana_wa_98
Dada Kilosa, nimezidisha utani, yaishe. Lakini kadi zenyewe? Mzee hana hata moja kwenye sanduku? Hiyo ndiyo ingewekwa kwenye hicho chumba changu.

Binti_Kilosa
Alizinunua nyingi, mama anasema mshahara ulikuwa unaishia huko. Hakubakisha hata moja, zote alizipeleka posta.